Saa 72: Wajibu wa Tabibu kwa Mtu Aliyenusurika Ukatili wa Kingono

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwezi Machi 2012, ulipomegwa, kwa sehemu kubwa, kutoka mkoa wa Shinyanga. Una wilaya 5, nazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiwa ni wakulima wa pamba na mahindi na wafugaji waishio vijijini. Anayeifahamu nchi hii anaufahamu pia udongo wake mweusi wa mbugani, ambao wakati wa mvua hung'ang'ania magurudumu hata mwenye baiskeli akalazimika kuibeba badala ya kubebwa nayo.

Udongo huo tunautaja katika makala ya tiba kwa sababu maalumu. Somo letu linahusu huduma ambayo manufaa yake hupimwa kwa saa, na katika mkoa ulio mpana kama huu saa nyingi hupotea njiani kabla mgonjwa hajauona mlango wa zahanati. Zile zinazobaki hazistahili kupotezwa na sisi wenyewe, kwa kusitasita, kwa kuhojihoji au kwa kusubiri karatasi. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya: sehemu kubwa ya madhara ya ukatili wa kingono yaweza kuzuiwa au kupunguzwa, mradi tabibu aanze mapema, na aanze kwa utaratibu unaostahili.

Tunaposema tabibu hatuna maana ya daktari bingwa peke yake. Katika zahanati ya kijiji tabibu huyo ni afisa tabibu au muuguzi, na mara nyingi ndiye mtaalamu wa kwanza, pengine wa pekee, ambaye mgonjwa atakutana naye ndani ya siku hizo.

Maana ya maneno

Ukatili wa kingono ni tendo lolote la kingono, au jaribio la tendo hilo, analofanyiwa mtu bila ridhaa yake ya hiari. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, kwa hila, au kwa kutumia madaraka juu ya mtu mdogo si ridhaa. Bunge letu lilitunga mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyoongeza ukali wa adhabu za makosa haya, na sheria zetu zinamlinda mtoto kwa namna ya pekee, kwa kuwa hahesabiwi kuwa na uwezo wa kuridhia.

Aliyefanyiwa ukatili huo tutamwita manusura. Neno hili latokana na kunusurika, nalo lina faida yake: linatukumbusha kuwa tunamhudumia mtu aliyepita katika hatari akabaki hai, mwenye akili zake na haki ya kuamua mambo yake.

Je, tatizo hili ni kubwa kiasi gani? Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Tukizitazama hesabu hizo tukiwa mbele ya darasa lenye wanafunzi 40, tutaona kwamba hatuzungumzii watu wa mbali. Tutaona pia kuwa wavulana wamo, ingawa wao husema kwa nadra zaidi.

Mipaka mitatu ya wakati

Mpaka wa kwanza ni wa saa 72, nao unahusu virusi vya UKIMWI. Virusi hivi havienei mwilini papo hapo. Vikishapenya katika utando laini wa mwili, hukutana kwanza na chembe hai za kinga zilizopo mahali pale, kisha huchukuliwa hadi kwenye matezi ya karibu, na baada ya hapo ndipo huingia katika damu na kusambaa. Safari hiyo huchukua siku chache. Dawa kinga, ambazo ni zile zile za kufubaza virusi, huvizuia visijinakili ndani ya chembe hai wakati bado ni vichache. Vikishajikita, nafasi hiyo imepita.

Majaribio yaliyofanywa kwa nyani katika miaka ya 1990 yalionyesha jambo hili waziwazi: wanyama walioanza dawa ndani ya saa 24 na kuendelea nayo kwa siku 28 walikingika vizuri zaidi kuliko waliocheleweshwa hadi saa 48 au 72, au waliokatiza dawa mapema. Kwa upande wa binadamu, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwahusu watumishi wa afya waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa. Ilionekana kuwa matumizi ya dawa ya zidovudini yalihusiana na kupungua kwa uwezekano wa kuambukizwa kwa asilimia 81 hivi. Siku hizi hutumika dawa 3 kwa pamoja, kwa muda wa siku 28. Ieleweke kwamba saa 72 ni ukingo wa mwisho. Anayefika saa ya 6 apewe dozi ya kwanza saa hiyo hiyo, wala asiambiwe arudi kesho kwa kuwa muda bado upo.

Mpaka wa pili ni wa saa 120, yaani siku 5, nao unahusu mimba. Mbegu za kiume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikingoja yai. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, levonojestreli ya miligramu 1.5, hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai lisitoke, hata mbegu zikafa kabla ya kukutana nalo. Haitoi mimba iliyokwisha kutungwa. Kadiri inavyowahi kumezwa ndivyo inavyofaa zaidi. Kitanzi chenye madini ya shaba, kikiwekwa ndani ya siku hizo 5, hufaa zaidi hata kuliko vidonge.

Mpaka wa tatu ni wa ushahidi, nao pia ni wa siku 5 hivi. Chembe hai za mtenda kosa huacha alama ya vinasaba, ambayo yaweza kuchunguzwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Alama hizo huharibika upesi kwa kuoshwa na kwa unyevu. Ndiyo maana nguo husika hukaushwa kwa hewa na kuhifadhiwa ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mfuko wa plastiki huzuia unyevu kutoka, na katika unyevu bakteria na kuvu hustawi na kuvivunjavunja vinasaba. Hata hivyo, manusura aliyekwisha kuoga, kama wengi wanavyofanya, asikemewe wala asirudishwe. Dawa zote bado zina faida kwake.

Zaidi ya hayo, tabibu hutibu majeraha, hutoa dawa za kukinga kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ile ya pepopunda inapohitajika.

Hesabu ya saa zinazopotea

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa kidato cha pili, katika kijiji kilicho mbali huko Meatu, anafanyiwa ukatili siku ya Ijumaa saa 2 usiku. Jumamosi ananyamaza kwa hofu na haya. Jumapili anamweleza shangazi yake, na familia mbili zinakaa kuzungumzia fidia ya ng'ombe, ili jambo limalizwe nyumbani. Jumatatu asubuhi msichana anapelekwa zahanati, naye mhudumu anamwambia, "Leteni kwanza fomu ya polisi." Kituo cha polisi kiko mbali, mvua imenyesha, na fomu inapatikana jioni. Jumanne saa 2 asubuhi ndipo anapofika hospitalini.

Mwanafunzi ahesabu mwenyewe. Tangu Ijumaa saa 2 usiku hadi Jumanne saa 2 asubuhi ni saa 84. Mpaka wa saa 72 ulipita usiku wa kuamkia siku hiyo, saa 12 zilizotangulia. Mpaka wa mimba umebakiza saa 36. Asubuhi ya Jumatatu, alipokuwa mbele ya mhudumu wa zahanati, ilikuwa ni saa ya 60. Alikuwa bado na saa 12 mkononi.

Fomu hiyo, ambayo wananchi huiita PF3, ni ya lazima katika mkondo wa sheria, kwani ndiyo inayopeleka maelezo ya tabibu mahakamani. Lakini fomu ni chombo cha ushahidi, si tiketi ya kuingilia chumba cha tiba. Yaweza kujazwa baada ya dozi ya kwanza kumezwa, wala haipungukiwi na kitu. Dozi iliyokosa wakati wake haiwezi kurudishwa na hukumu yoyote. Hata kipimo cha virusi, ambacho ni muhimu, kisiwe sababu ya kuchelewesha kidonge cha kwanza. Majibu yakionyesha kuwa mgonjwa alikuwa na maambukizo tangu awali, mpango wa tiba utabadilishwa. Tena tangu mwaka 2019 sheria yetu inamruhusu kijana wa miaka 15 kupimwa virusi hivyo bila kungoja idhini ya mzazi.

Maneno ya tabibu

Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2014 kinaeleza mambo 5 ambayo tabibu yeyote anaweza kuyatenda, hata pasipo mtaalamu wa saikolojia. Nayo ni haya: kusikiliza kwa makini bila kuhukumu, kuuliza mgonjwa anahitaji nini na ana hofu gani, kumthibitishia kuwa anaaminiwa na kwamba kosa si lake, kuzungumza naye juu ya usalama wake atakaporudi nyumbani, na kumwunganisha na misaada mingine.

Mambo haya ni mepesi kuyaorodhesha kuliko kuyatenda. Katika zahanati yenye chumba kimoja na pazia, wagonjwa wengine wakiwa kwenye benchi nje, faragha haiji yenyewe. Hutafutwa: mlango hufungwa, sauti hushushwa, na jina la tatizo halitajwi mbele ya wengine. Wapo pia wagonjwa, hasa watu wazima wa vijijini, ambao hujieleza vyema kwa Kisukuma tu. Hapo mkalimani awe mtumishi wa afya aliyekula kiapo cha siri, wala asiwe ndugu aliyemsindikiza, maana mara nyingine mtenda kosa yumo katika ukoo ule ule, na manusura hawezi kusema mbele ya mtu huyo.

Yapo maneno yanayojenga. "Pole. Umefanya vizuri kuja. Ulichofanyiwa si kosa lako." Yapo na yanayobomoa: "Ulikwenda kufanya nini huko usiku?" "Mbona hukupiga kelele?" Swali linaloanza kwa "kwa nini" humfanya manusura ajione mshtakiwa. Tabibu hahitaji majibu ya maswali hayo ili atibu. Anahitaji kujua lilitokea nini, lini, na mgonjwa anaumia wapi.

Jambo kuu ni ridhaa. Mtu aliyenyang'anywa mamlaka juu ya mwili wake aanze kurudishiwa mamlaka hayo hapo hapo kitandani. Kabla ya kila hatua tabibu aeleze anachotaka kufanya na sababu yake, kisha aombe ruhusa. Mgonjwa akisema basi, iwe basi. Akikataa uchunguzi wa viungo lakini akataka dawa, apewe dawa.

Kwa nini hakupiga kelele?

Swali hili huulizwa mno, majumbani na hata mahakamani, kwa hiyo tulijibu kisayansi. Wengi hudhani kuwa mwenye hatari mbele yake ana njia mbili tu, kupigana au kukimbia. Iko njia ya tatu, ambayo wafugaji na wawindaji wanaifahamu kwa wanyama: mnyama aliyekamatwa, asiyeweza kupambana wala kutoroka, hulegea au hukakamaa akawa kama aliyekufa. Huo si uamuzi wake. Ni kazi ya sehemu za kale za ubongo, zinazotangulia fikra.

Binadamu naye ana mwitikio huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya manusura wa ubakaji mjini Stockholm, Uswidi. Asilimia 70 kati yao walieleza kuwa mwili ulikuwa umeganda kwa kiasi kikubwa, na asilimia 48 kwa kiasi cha kupindukia. Kwa hiyo kutopiga kelele si dalili ya kuridhia. Vivyo hivyo, kumbukumbu yenye vipande vipande si dalili ya uongo, kwa sababu hofu kali huvuruga namna ubongo unavyopanga matukio. Tabibu anayelijua jambo hili humwelezea mgonjwa wake, na maelezo hayo peke yake ni dawa, kwani manusura wengi hujilaumu miaka mingi kwa kutopambana.

Uchunguzi unavyoweza na usivyoweza kusema

Kubaka ni kosa la kisheria, na anayeamua kuwa limetendeka ni mahakama. Kazi ya tabibu ni kuandika kwa usahihi alichokiona na alichoambiwa, kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na tarehe na saa. Kuona jeraha ni ushahidi. Kutoliona si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea, kwani manusura wengi hawana jeraha lolote la kuonekana, na utando wa sehemu hizo hupona kwa muda mfupi.

Imani iliyoenea kwamba tabibu anaweza kutambua bikira kwa kuchunguza haina msingi wa sayansi. Maumbile ya wanawake hutofautiana tangu kuzaliwa. Mwezi Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyombo vingine viwili vya Umoja wa Mataifa, lilitoa wito kwamba uchunguzi wa namna hiyo ukomeshwe, kwa kuwa hauthibitishi kitu na humdhuru anayefanyiwa. Mahakama zetu nazo zimekwisha kuweka msingi kwamba ushahidi wa manusura mwenyewe, ukiaminika, waweza kutosha kumtia mtu hatiani.

Baada ya siku ya kwanza

Mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza hajamaliza safari. Wengi hukatiza dawa kabla ya siku 28, kwa kichefuchefu, kwa nauli, au kwa kuogopa kuulizwa nyumbani vile ni vidonge vya nini. Tabibu mwema hupanga nao mapema: vidonge vitafichwa wapi, nani mwaminifu atakayemkumbusha, zahanati gani iliyo jirani itakayoendelea kumtazama. Kisha hupanga tarehe za kupima tena mimba na maambukizo.

Kuhusu afya ya akili, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1992 uliwafuatilia wanawake 95 waliobakwa. Baada ya wiki 2 hivi, asilimia 94 walikuwa na dalili za mshtuko: jinamizi, woga wa ghafla, kukosa usingizi. Baada ya miezi 3 waliobaki na dalili hizo walikuwa asilimia 47. Hapa kuna mafunzo mawili. Dalili za mwanzo ni za kawaida, na wengi hupata nafuu wakiwa na watu wanaowajali, kwa hiyo haifai kumlazimisha mtu asimulie tukio upya. Lakini karibu nusu huendelea kuumia, na hao ndio ambao hawatagunduliwa pasipo kuitwa tena.

Jirani zetu wa mashariki ya Kongo wametupa mfano mkubwa. Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, bingwa wa magonjwa ya wanawake, kwa nia ya kuwahudumia wajawazito. Vita vikamletea wagonjwa wa namna nyingine. Yeye na wenzake walitambua kuwa upasuaji peke yake hautoshi, wakajenga huduma ya nguzo 4: tiba, msaada wa nafsi, msaada wa sheria, na njia ya kujipatia riziki. Mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Hapa kwetu fikra hiyo hiyo imo katika vituo vya Huduma ya Mkono kwa Mkono, ambamo tabibu, polisi na afisa ustawi wa jamii hukutana na manusura mahali pamoja, ili asilazimike kusimulia habari yake mlango kwa mlango.

Wajibu wa shule

Mara nyingi mwalimu husikia kabla ya tabibu. Afanye nini? Asikilize bila kuchimba. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za kuvunjwa kwa haki za mtoto azipeleke kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na mtoto aelezwe hivyo kwa upole tangu mwanzo. Siri nyingine zote zitunzwe, na jambo hilo lisitajwe gwaride wala ofisini. Kisha mtoto afikishwe kwenye huduma ya afya siku hiyo hiyo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni namba 116. Na kama mimba imetokea, shule ikumbuke kuwa tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu msichana kurudi darasani baada ya kujifungua.

Hitimisho

Umbali wa vijiji vya Meatu au Itilima kutoka hospitali hatuwezi kuufuta kwa kalamu, wala mvua hatuwezi kuizuia. Lakini zile saa 12 alizokuwa nazo msichana wa mfano wetu hazikupotezwa na mvua wala na umbali. Zilipotea mezani, mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kufungua kabati la dawa, au la kumwandikia barua ya kwenda palipo na dawa. Kila mwalimu na mwanafunzi atakayeifahamu hesabu hii na kuieleza kijijini kwake anaweza kumrudishia mtu mmoja saa hizo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa nini dawa kinga za virusi vya UKIMWI hazifai tena baada ya virusi kujikita katika chembe hai.
2. Nguo yenye ushahidi imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku 4. Ni mabadiliko gani ya kibiolojia yanayotarajiwa, na kwa nini?
3. Kutoka kijijini kwenu hadi kituo cha afya kilicho karibu ni mwendo wa saa ngapi, wakati wa kiangazi na wakati wa masika? Andikeni ratiba ya kumfikisha mgonjwa huko ndani ya saa 24.
4. Mtu akisema, "Angekuwa hakutaka angepiga kelele," mtamjibuje kwa kutumia sayansi?